Stempu ya ngome ya Nakhal: namna ya kuipata, kuisoma na kuipeleka nyumbani kwake

Vijana wanaozungumza Kiswahili hapa Maskati wakija kwangu na albamu tupu, swali lao huwa moja: waanze na nini? Wengine wameshanunua mtandaoni pakiti ya "stempu elfu moja za dunia nzima", wakazimwaga mezani, wakachoka kabla ya magharibi. Huwaambia waifunge pakiti hiyo, wachague ngome moja, watafute stempu zake zote, halafu wapande gari waende wakaione. Ngome ninayowapa ni Nakhal.

Iko juu ya mwamba, katika mji wa mitende chini ya milima, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kutoka Maskati. Zipo kubwa na maarufu kuliko hiyo. Lakini sisi wenye asili ya Unguja tuna sehemu yetu pale: ukuta wa nje, lango na minara ni kazi ya mwaka 1834, zama za Seyyid Said bin Sultan, huyo huyo aliyehamishia enzi yake Unguja na kuhimiza mikarafuu ipandwe. Misingi yenyewe husemwa ni ya kabla ya Uislamu kufika Oman, na katikati hapo imekarabatiwa mara kadhaa. Mimi nilizaliwa Ng'ambo ya Unguja, nikaja kusomesha jiografia huku. Kusoma ramani niliwafundisha watoto wa watu kwa ramani. Kusoma mandhari niliwafundisha kwa stempu.

Jua kwanza unachotafuta

Kabla hujatoa hata baisa moja, fahamu posta ya huku imepitia mikono ya nani. Afisi ya posta ya Maskati ilifunguliwa mwaka 1864 chini ya posta ya India, na stempu zilikuwa za India. Mwaka 1944, ukoo wa Al Busaid ulipotimiza miaka 200 ya utawala, stempu za India zilipigwa chapa ya Kiarabu juu yake: Al Busaid, 1363, yaani mwaka wa Hijria. Unguja nayo ikatoa za kwake mwaka huo huo, zina jahazi na ramani inayoonyesha Maskati na Unguja. Hiyo itafute hata kama hukusanyi kitu kingine maishani mwako. Thamani zake ni nne, senti 10 mpaka shilingi moja, na ndiyo stempu pekee ninayoijua ambayo bibi yangu aliiweka ndani ya msahafu.

India ilipogawanyika 1947, posta ya Maskati ikawa chini ya Pakistan kwa muda mfupi. Aprili 1948 Waingereza wakaichukua, wakaleta stempu zao zenye kichwa cha mfalme, na baadaye cha malkia, thamani ikigongwa juu kwa sarafu za ana na rupia. Hapa ndipo wageni wengi hupotea. Utaona mnadani stempu ya miaka ya 1950 inayouzwa kuwa ya Maskati, na kweli ina ngome juu ya mwamba na imegongwa rupia 2 au rupia 5. Si uwongo kwamba ilitumika Maskati. Ila ngome hizo ni Carrickfergus ya Ireland Kaskazini na Caernarfon ya Wales! Ni stempu za Uingereza zilizoongezwa rupia tu. Ukitaka kuziweka kwenye albamu kwa kuchekesha, sawa, lakini usimwambie mtu kwamba ni Oman.

Ngome za Oman zinaingia tarehe 29 Aprili 1966, siku ambayo posta ilikabidhiwa serikali ya Sultani na seti mpya ikatolewa. Ina stempu 12. Za thamani ya chini zina nembo ya Sultani, zinazofuata zina bandari ya Maskati, na zile sita za juu ni ngome sita: Nakhal, Samail, Sohar, Nizwa, Matrah na Mirani. Nakhal ndiyo ya chini kabisa katika hizo sita, kwa hiyo ni ya bei nafuu, na mwanafunzi anaweza kuinunua kwa pesa za mfukoni.

Picha moja, stempu tatu

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo sababu nasema ngome moja inatosha kumshughulisha mtu. Picha ile ile ya Nakhal imetoka mara tatu ndani ya miaka mitano. Zipange mezani, uzisome kama anavyosoma karani wa benki.

Ya kwanza ni ya 1966. Jina la nchi ni la zamani, Muscat na Oman pamoja, na hesabu ni ya rupia: baisa 64 zinafanya rupia moja.

Ya pili ni ya 1970. Jina la nchi halijabadilika, lakini pesa imebadilika. Imekuja riyali ya Saidi, yenye baisa 1000. Picha ile ile, fremu ile ile, ila namba pembeni si ile. Hapo tumia akili: Nakhal zote mbili zimeandikwa baisa, kwa hiyo neno lenyewe halikusaidii, namba ndiyo itakayokuambia. Zilinganishe na katalogi, yaani kitabu kinachoorodhesha stempu na kuipa kila moja namba yake. Duka lolote la stempu linayo, na wauzaji wa mtandaoni wenye adabu huandika namba ya katalogi chini ya picha. Asiyeiandika, muulize. Akikujibu "ni ya zamani sana, nadra", mpite.

Ya tatu ni ya 1971. Mwezi Julai 1970 Sultan Qaboos alishika madaraka, na mwezi uliofuata nchi ikaanza kuitwa Usultani wa Oman. Stempu zenye jina la zamani zilikuwa bado zimejaa kabatini, basi zikapigwa jina jipya juu yake kwa Kiarabu na Kiingereza. Chukua lenzi yako, angalia wino wa chapa hiyo ya juu. Unatakiwa ukae juu ya picha, ukingo wake uwe mkavu, herufi ziwe na upana mmoja. Ukiona herufi zimevimba, wino umesambaa kwenye nyuzi za karatasi, au chapa imepita juu ya mhuri wa posta, weka chini. Hilo la mwisho halihitaji utaalamu wowote: barua hugongwa mhuri baada ya stempu kuchapwa, haiwezekani jina jipya likalala juu ya mhuri. Kwa stempu yoyote ya chapa juu ya chapa, ya Oman au ya kwetu Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, huo ndio mtihani wa kwanza.

Kuna na kitu kingine utakutana nacho kwenye kila mnada: vikaratasi vizuri vya kung'aa vilivyoandikwa "State of Oman" au "Dhufar". Vina vipepeo, treni, ndege, michoro ya Ulaya. Vilichapwa kwa jina la wapinzani waliokuwa nje ya nchi na kuuzwa kwa wakusanyaji. Posta ya Oman haikuvitambua. Watoto huvipenda kwa sababu ya vipepeo, wape wachezee.

Pa kuzipata

Anzia kwa shangazi. Sisemi utani. Familia zetu ziligawanyika baada ya 1964, na zilipoanza kurudi Oman miaka ya 1970, barua zilikwenda Unguja, Pemba, Mombasa na Dar es Salaam kila wiki. Stempu za 1970 na 1971 ziko huko, ndani ya mikebe ya biskuti na chini ya magodoro. Mwandikie mtu wako wa Unguja, umwombe asikate, asibandue, asisafishe. Akutumie picha kwanza.

Bahasha nzima yenye mhuri unaosomeka, tarehe na jina la mji, usiiguse kwa maji. Mhuri wa Nakhal, Matrah au Maskati juu ya stempu ya ngome ni ushahidi kwamba karatasi hiyo ilifanya kazi. Ukiikata, umebaki na picha. Hata anwani ya mkono, "kwa mkono wa fulani, duka la fulani, Darajani", iache ilivyo. Ikiwa barua yenyewe imo ndani, irudishe kwa mwenyewe bila kusoma. Hilo ni suala la heshima, na pia ndiyo njia ya kupewa bahasha ya pili.

Ikiwa ni kipande kilichokwisha kukatwa, basi kibandue hivi. Bakuli la maji ya kawaida, si ya moto. Karatasi za bahasha zenye rangi ziloweke peke yake, maana rangi hutoka na kuingia kwenye stempu, na haitoki tena. Acha robo saa hivi, mpaka stempu iteleze yenyewe. Ukiivuta imegoma, subiri. Isuuze mgongo kwa kidole uondoe ulenda wa gundi, ilaze kifudifudi juu ya taulo jeupe safi, na ikianza kukunjamana weka ndani ya kitabu kizito hadi kesho yake. Stempu mpya za kujibandika zenyewe hazibanduki kwa maji namna hii. Hizo kata bahasha kwa kuacha ukingo mpana pande zote.

Baada ya hapo usiishike tena kwa vidole. Kibano cha stempu kina ncha bapa na laini. Kibano cha nyusi cha dada yako kitatoboa karatasi, mwachie dada yako.

Adui wa huku ni unyevu. Agosti ya Maskati gundi hujibandika yenyewe ukiacha albamu karibu na dirisha, na wa Unguja wanajua masika yanavyofanya vitabu. Weka albamu wima kabatini, usiilaze chini ya rundo, na tia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vifuko vya plastiki nunua vya wakusanyaji. Plastiki laini inayonuka, ya mifuko ya vitambulisho, hula wino polepole. Gundi ya shule, selotepu na stepla hazihusiki kabisa.

Kwenda Nakhal

Tolea nakala ya stempu kwenye karatasi, uikuze ifike ukubwa wa daftari. Stempu yenyewe ibaki nyumbani. Nenda kati ya Novemba na Machi, ondoka baada ya alfajiri. Kutoka Maskati fuata njia ya pwani mpaka Barka, hapo kata ndani kuelekea milimani. Ngome utaiona kabla ya mji. Ijumaa saa za kufungua huwa fupi, kwa hiyo uliza kabla, na beba pesa taslimu ndogo ndogo za kiingilio.

Usiingie mara moja. Kazi ya stempu iko nje. Nakala mkononi, tafuta mahali ambapo macho yako yanaona kile alichokiona mpiga picha. Fuata utaratibu huu: tafuta kwanza kisichosogea. Mwamba hausogei, na mstari wa mlima nyuma ya ngome hausogei. Miti usiiamini, mtende wa 1966 leo huenda ni kuni. Tazama mnara upi unafunika upi kwenye nakala yako. Ukisogea hatua kumi kushoto, mnara wa nyuma utachungulia. Ukirudi kulia utajificha. Cheza na jambo hilo mpaka minara ikae kama ilivyo kwenye karatasi. Halafu rudi nyuma au songa mbele mpaka urefu wa mlima juu ya ukuta ulingane. Ukitazama mlimani asubuhi, jua liko mgongoni mwako na ukuta unapata rangi yake ya udongo. Adhuhuri kila kitu kinakuwa bapa na cheupe, huoni kitu.

Wanafunzi wangu wengine walikuwa wakilalamika kwamba ngome "si ile". Ni kweli kwa namna moja. Mwaka 1990 Nakhal ilifanyiwa ukarabati mkubwa, kwa vifaa na mbinu za kienyeji, na lipu unayoiona leo ni ya wakati huo. Stempu ni ya 1966. Kwa hiyo ulichonacho mkononi ni ngome kabla haijatengenezwa. Tumia nakala yako kama fundi anavyotumia mchoro: pita kona kwa kona, ukingo wa ukuta, vinundu vya juu ya minara, madirisha, ukiweka alama ya penseli kila unapoona tofauti. Picha ndogo haitakuonyesha yote, na pale ambapo nukta za uchapaji zinakudanganya andika alama ya kuuliza. Kazi hii ya nusu saa, kwangu mimi, ina thamani kuliko albamu tatu zilizojaa.

Sasa ingia. Utakachogundua ni kwamba mwamba haukuishia chini ya ngome. Umeingia ndani yake. Waashi hawakuukata. Kuta zimepindishwa kuufuata, ngazi zinakwenda zinapotaka, na kuna sehemu jiwe la mlima linajitokeza katikati ya jengo kama mgeni aliyekataa kuondoka. Ndiyo maana ngome hii haina umbo, si mraba wala duara, na ndiyo maana ukiizunguka kwa nje kila upande unakuonyesha ngome nyingine. Hii pia inakusaidia kwenye kazi yako: aliposimama mpiga picha ni sehemu moja tu.

Juu ya milango tazama vitundu vya kumwagia. Aliyevunja lango la kwanza alipokewa na asali ya tende iliyochemshwa, ikimshukia kichwani. Halafu nenda kwenye ghala la tende ujionee asali hiyo ilipotoka: tende zilipangwa kwa magunia juu ya sakafu yenye mifereji, uzito wa magunia ya juu ukakamua ya chini, asali ikatiririka kwenye mfereji hadi kwenye mtungi. Chakula cha wakati wa kuzingirwa na silaha, chumba kimoja. Vyumba vya juu vina mazulia, mito na masanduku ya mbao yenye misumari ya shaba, na mtu aliyekulia Mji Mkongwe hatahitaji kuelezwa kitu humo. Panda mpaka juu kabisa uone mashamba ya mitende yalivyoizunguka ngome. Ukishaona hivyo utafahamu kwa nini mtu alijenga pale: aliyeshika mwamba ndiye aliyeshika maji na tende.

Ukishuka, nyuma ya mji kuna chemchemi ya maji ya uvuguvugu, Ain Thawwarah. Peleka watoto wakachovye miguu, maana kwa wakati huo watakuwa wameshachoka na minara yako.

Kuandika ukurasa

Ukurasa mmoja wa albamu, si zaidi. Juu weka stempu tatu kwa mfuatano wa miaka, 1966, 1970, 1971. Kama ya tatu bado huna, acha nafasi yake wazi na uandike mwaka kwa penseli. Chini weka picha uliyopiga mwenyewe kutoka pale pale, na pembeni nakala yenye alama zako. Maandishi yawe mafupi na ya mkono. Mfano:

"Ngome ya Nakhal, Oman. Picha ya stempu: kabla ya ukarabati wa 1990. Picha yangu: saa mbili asubuhi, nikitazama mlimani. Mnara wa nyuma unaonekana nusu, kama kwenye stempu. Tofauti: angalia alama."

Usiandike "ngome nzuri sana ya kihistoria". Kila mtu anaiona kwamba ni nzuri. Andika kile ambacho mwenye macho asingejua bila wewe kwenda.

Nakhal ikikamilika, nenda Matrah, ambayo siku hizi watu wanaruhusiwa kupanda ngazi zake, na kutoka juu unaona bandari yote. Mirani iache ya mwisho. Hiyo na mwenzake Jalali ni za Wareno, zilimalizwa miaka ya 1587 na 1588, miaka michache tu kabla hawajaanza Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, na Maskati walifukuzwa 1650. Zinasimama kushoto na kulia kwa kasri la Al Alam, na kwa miaka mingi Mirani haikuwa ikifunguliwa kwa watu. Kazi ya stempu utaifanya kutoka nje, kwenye ukingo wa maji, kwa hiyo chukua lenzi ndefu, na muulize askari aliye karibu kabla hujainua kamera.